Saa Mbili za Prepo

Kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa miaka hii, ukimuuliza prepo ilikuwa inafanywaje, hana la kukueleza, kwa sababu hajawahi kukaa darasani usiku na wenzake bila mwalimu. Mwenzake wa bweni anazijua saa hizo mbili za usiku, ila mara nyingi anazijua kama kipindi kingine cha kufundishwa, au kama kimya cha watu wengi, kila mmoja na daftari lake. Kwa tuliosoma katika sekondari ndogo za bweni mikoani, miaka ya 1970 na 1980, prepo ilikuwa kitu kingine kabisa, na nashikilia kwamba ndiyo iliyokuwa shule yenyewe. Mchana tulipewa noti, usiku tulijifunza. Leo tunapolalamika kwamba wanafunzi wanakariri, tunawalaumu walimu, mitaala na lugha ya kufundishia, na kila kimoja kina sehemu yake. Lakini husikii mtu akizitaja zile saa mbili zilizopotea, na mimi naona hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko zote.

Tuanze na ukubwa wa shule. Sekondari ndogo ilikuwa na mkondo mmoja, pengine miwili. Mkondo mmoja wa wanafunzi 35, kwa vidato vinne, ni watu 140. Mkuu wa shule aliwajua wote kwa majina, na mpishi pia. Serikali iliwapeleka wanafunzi mbali na kwao, kwa hiyo wa Bukoba alijikuta Lindi na wa Mtwara akajikuta Tabora, mkononi ana tranka la bati na waranti ya kusafiria. Watu 140 wasio na ndugu karibu, wanaokula ugali na maharage ya sufuria moja na kulala chini ya paa moja, hawawezi kufichana nani haelewi Hisabati. Katika darasa la watu sabini mwanafunzi anaweza kupita miaka minne akijificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Katika lile la 35 ilikuwa vigumu, na usiku, mbele ya rika lake, haikuwezekana.

Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa nondo. Iligongwa alfajiri kwa ajili ya mchakamchaka, ikagongwa kila dakika 40 kubadilisha vipindi, ikagongwa alasiri watu wakachukua majembe kwenda shamba la shule. Lakini iliyongojewa ni ya saa moja usiku. Wakati huo kiranja wa taa alikuwa ameshaanza kazi yake. Karabai ilitaka mtu mtulivu: ajaze mafuta ya taa, amimine spiriti kidogo kwenye kikombe chake na kuiwasha ili mrija upate moto, kisha apige pampu polepole mpaka mvuke wa mafuta upande na kile kitambaa chepesi kiwake kwa weupe. Kitambaa hicho kikishaungua mara ya kwanza hubaki majivu matupu yenye umbo lake, na kikiguswa kidogo tu kinamomonyoka. Ndiyo maana taa ilibebwa kutoka stoo kwa mwendo wa taratibu, mkono umenyooshwa, na wadogo wakapisha njia. Harufu ya mafuta ya taa na spiriti, ikichanganyika na vumbi la chaki la tangu asubuhi, ilikaa kwenye mashati mpaka siku ya pili. Mvumo wake nao ukishauzoea huusikii tena, hadi unapofifia na mwanga kuanza kugeuka njano. Hapo mtu aliyekuwa akieleza jambo alinyamaza katikati ya sentensi, pampu ikapigwa, akaendelea.

Nimekaa sana kwenye taa kwa sababu ndiyo iliyopanga darasa. Karabai moja iliangaza vizuri madawati ya karibu. Ya nyuma yalibaki kwenye kivuli. Kwa hiyo madawati yalisogezwa, watu wakakaa bega kwa bega, na kitabu kikawekwa katikati. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache: Abbott wa Fizikia, Mackean wa Baiolojia, na palipokuwa na kidato cha tano na sita, Nelkon na Parker au Backhouse wa Hisabati, nakala za kuhesabu kwa vidole, nyingine hazina majalada. Kitabu kimoja kwa watu sita hakisomwi kimyakimya. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasema hajaelewa, wa tatu anaeleza, wa nne anapinga, na punde wote wako ubaoni na chaki. Anayeeleza alilazimika kugundua mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa ameelewa, kwa kuwa wenzake hawakumwogopa wala kumwonea haya.

Na alieleza kwa Kiswahili. Mchana kulikuwa na kile kibao alichovishwa shingoni aliyenaswa akizungumza Kiswahili. Usiku, swali la kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea lilitaka jibu, na jibu lilikuja kwa lugha ambayo watu walifikiri kwayo, likapingwa, likarekebishwa, likakubaliwa, ndipo likarudishwa kwenye Kiingereza cha mtihani. Shule iliweza kukaa muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia na bado Fizikia ikasomwa. Hata fasihi ilisomwa hivyo. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na katika shule ndogo nakala moja ya riwaya, iwe imeruhusiwa au la, ilipita mikono mingi kabla ya muhula kwisha, kisha watu wakabishana juu ya wahusika wake kama majirani zao.

Nitajibiwa kwamba wale walikuwa wateule. Nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na waliopenya mchujo wa darasa la saba wangefaulu hata wangefundishiwa chini ya mwembe. Pingamizi hili ni zito na lina ukweli, na ndiyo sababu siegemei matokeo yao ya mtihani. Divisheni za wateule hazithibitishi ubora wa shule yao. Naegemea jambo lililo wazi zaidi: katika darasa lolote la watu 35 yupo wa 35. Huyo naye alikuwa mteule alikotoka, ila hapa alikuwa wa mwisho, na hakuwa na fedha za kumlipa mwalimu wa pembeni wala kaka msomi wa kumsaidia nyumbani. Alichokuwa nacho ni wenzake, ambao kesho saa moja usiku wangemuuliza tena. Mwanafunzi wa namna hiyo hakuachwa afike kidato cha nne akinakili asichokielewa. Leo wa mwisho darasani ndiye anayesahaulika kwanza, na shule zetu zimejaa watu wa namna yake, kwa sababu tumewafungulia milango watoto wengi zaidi, jambo ambalo ni la haki. Basi wao ndio wenye haja kubwa zaidi ya prepo kuliko wateule wa zamani.

Wengine watasema ninapamba maisha yaliyokuwa ya ukatili. Viboko vilikuwepo, vingi na kwa makosa madogo. Njuka, yaani wanafunzi wageni, walifulishwa nguo za wakubwa na kunyang'anywa sukari zao. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na safari yake ya shule ikaishia hapo. Njaa ilikuwepo pia. Hayo yalikuwa maovu, na anayetaka yarudi kwa jina la nidhamu hajali watoto. Lakini prepo haikuyahitaji. Kinyume chake, ilifanya kazi vizuri pale tu ambapo mdogo aliruhusiwa kumwambia mkubwa, "Hapo umekosea, kaka," bila kulipa gharama bwenini. Kiranja mwonevu aliua prepo haraka kuliko taa iliyokwisha mafuta.

Mabadiliko yalianza polepole. Ada ilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, mishahara ya walimu ikapoteza thamani, na masomo ya ziada ya kulipia yakaanza kuchukua alasiri na jioni. Baraza la Mitihani lilikuwepo tangu 1973, kwa hiyo si mtihani wa taifa wenyewe uliogeuza mambo. Yaliyogeuza mambo ni maswali ya miaka iliyopita, yaliyochukua nafasi ya kitabu cha kiada, yakinunuliwa, yakinakiliwa na kumezwa pamoja na majibu yake. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, mwaka 2004. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,745; mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Zilizoongezeka nyingi ni shule za kata, za kutwa. Mwaka 2016 ada za kidato cha kwanza hadi cha nne zikafutwa. Binti wa kijijini ambaye zamani angeishia darasa la saba sasa anavaa sare ya sekondari, na hakuna kumbukumbu ya karabai inayoweza kushindana na jambo hilo.

Ila jioni yake imeachwa hivihivi. Kengele ya mwisho inalia alasiri, mmoja anatembea kilomita nyingi kurudi kwao kuchota maji na kupika, mwingine anarudi kwenye geto, chumba cha kupanga anamokaa peke yake au na wawili kama yeye, bila mtu mzima wa kumwangalia. Tunahesabu madarasa yaliyojengwa na madawati yaliyonunuliwa. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri, tume ikaundwa, madaraja yakapangwa upya. Umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefika katika shule nyingi, na taa zinaangaza vyumba vitupu. Hili linaniudhi kuliko nakala chache za vitabu zilivyowahi kuniudhi.

Lipo jibu la vijana wenyewe, kwamba siku hizi noti ziko kwenye simu na majibu yote yako kwenye intaneti. Yapo kweli, na ni hazina ambayo sisi hatukuota kuwa nayo. Lakini uhaba wa vitabu wenyewe haukuwa na faida yoyote; faida ilitokana na kulazimika kumweleza mtu aliye mbele yako, anayeweza kukuuliza "kwa nini?" mpaka ukwame. Simu haimuulizi mtu swali la namna hiyo asipolitaka mwenyewe. Mtaala wa umahiri wa mwaka 2005 ulitaka wanafunzi wajadiliane kwa makundi, wagundue, waeleze. Ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba ulimkabidhi kazi hiyo mwalimu mwenye dakika 40 na watoto sabini mbele yake, kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imefanywa na wanafunzi wenyewe kwa saa mbili kila usiku.

Kwa hiyo naziomba bodi za shule na wazazi wa shule za kata: rudisheni prepo, hata kama ni mchana. Baada ya vipindi, mara tatu au nne kwa wiki, tengeni saa moja na nusu kabla ya watoto kutawanyika, mapema kiasi kwamba wa mbali anafika kwao kabla ya giza. Wagaweni watu watano watano, wazuri na wazito pamoja, kitabu kimoja katikati, Kiswahili kikiruhusiwa, mwalimu wa zamu akipita tu kuangalia. Wapeni uji, maana mwenye njaa hajadili. Fedha ya uji ndiyo gharama pekee ya maana, na inaweza kujadiliwa katika kikao kijacho cha wazazi.