Ngano ya Ol Molog, pamba ya Bariadi

Ukimwambia Mtanzania kuwa unakwenda Bariadi, atakuuliza kwanza habari za kijiji cha Gamboshi: huogopi wachawi? Mimi nilikuwa nafuata jambo lisilotisha hata kidogo, yaani watu waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili wakashika jembe. Nilikuwa nimepita Kilimanjaro Magharibi, kwenye nyanda za ngano za Ol Molog, ambako baadhi ya wapiganaji wa vita hiyohiyo walianza kulima kwa njia nyingine kabisa. Nilitaka kuzipima habari hizo mbili kwa mizani moja.

Ya kule kaskazini haina taabu kuipata, maana imeandikwa. Chukua Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa China mwaka 1922. Alikuwa rubani wa kivita, akadunguliwa angali kijana mdogo, akabaki na ulemavu wa miguu hadi kufa kwake. Vita vilipokwisha alisomea kilimo Cambridge, akaja Kenya, kisha akalima ngano Kilimanjaro Magharibi. Baadaye aliungwa mkono na TANU, akawa waziri wa Nyerere, akaongoza Hifadhi za Taifa, akamwoa Jane Goodall mwaka 1975, akafariki 1980. Mtu wa kazi, sina ugomvi naye. Lakini utaratibu uliowakaribisha walowezi wa wakati wake una doa. Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili wazungu wapate mashamba. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda kuwashtakia wakoloni mbele ya Umoja wa Mataifa.

Basi mlowezi mkongwe wa vita alikuwa na hati, mkopo na trekta. Sasa twende Bariadi.

Kutoka Lamadi unaliacha ziwa nyuma, unapita Dutwa, na nchi inafunguka: majabali, ng'ombe, miji iliyozungushiwa minyaa, na pamba hadi macho yachoke. Simiyu ni mkoa tangu 2012 tu. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa Shinyanga, na enzi za mkoloni upande huu ulihesabiwa wilaya ya Maswa. Anayetafuta babu yake kwenye makaratasi ya zamani asihangaike na jina la Bariadi. Atafute Maswa.

Bibi aliyenipokea ni binti wa askari wa Keya, ndivyo wazee wanavyoliita jeshi la KAR (King's African Rifles) hadi leo. Nyaraka zote za ukoo zimo ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Alilimimina juu ya mkeka: stakabadhi za pamba zilizokunjwa hadi kukatika mikunjoni, picha iliyoliwa na mchwa, na medali ya vita, Nyota ya Burma. Niliishika. Ni ya shaba, ncha sita, katikati ina alama ya Mfalme George wa Sita, utepe umepauka hata huwezi kujua ulikuwa wa rangi gani. Niliigeuza. Nyuma ni tupu, hakuna jina wala namba. Ikipotea leo ikaokotwa sokoni, hakuna atakayejua ilikuwa ya nani.

"Baba hakutusimulia vita, mwanangu," alisema. "Alitusimulia mvua."

Nilimwelewa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katikati ya msimu wa mvua kubwa, magari yakizama kwenye tope, malaria ikiangusha watu, hadi Desemba ilipofika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Mtu wa Usukuma, aliyezoea kuhesabu mawingu kwa vidole, angekumbuka nini zaidi?

Baba huyo alirudi na kiinua mgongo chake, akanunua plau. Maksai walitoka zizini kwa baba yake. Kisha akaenda kwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji, kuomba pori, na pori lenyewe lilikuwa na mbung'o. Vijana walikuja kufyeka wakiongozwa na nsumba ntale, mkuu wao, kwa ngoma na chakula. Hati hakupata. Alipata ruhusa na majirani.

Kilichomkera, anasema bibi, kilikuwa mizani ya wanunuzi wa pamba. Jeshini alikuwa amejifunza Kiswahili na tarakimu, na mtu anayesoma tarakimu hapunjwi kirahisi. Kero hiyo ilikuwa ya Kanda ya Ziwa nzima. Ndiyo iliyomwinua Paul Bomani na chama cha wakulima cha mwaka 1952, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana kuwa shirikisho la VFCU. Kwa jasho la wakulima hao, pamba ilisimama pamoja na katani na kahawa kama nguzo ya mauzo ya Tanganyika nje ya nchi. Plau za maksai zilichangia kuifikisha hapo.

Kuhusu kiinua mgongo kuna jambo bibi hakulijua, nami sikujua nilisemeje. Mwaka 2019 ziliandikwa habari za waraka wa wakati ule ulioonyesha kuwa askari mzungu alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Nilimwambia mwishowe. Alicheka kidogo, akauliza, "Sasa wewe ulidhani walilipwa sawa?"

Baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi ya walowezi yalitaifishwa, nao wengi wao wakaondoka. Ukifika Ol Molog leo watu wale hawapo, ila habari zao zinasomeka. Bariadi ni kinyume chake: wajukuu wanalima palepale, wamegawana ekari hadi zimekuwa vipande, kaburi la babu liko uani, limesakafiwa kwa saruji. Nilimwuliza kijana wa nyumba hiyo babu yake alikuwa batalioni gani. Alimtazama bibi. Bibi naye hakujua.

Viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji, vimewahi kubeba Nane Nane ya kitaifa. Kila Agosti vibanda hujaa mbegu, viuatilifu na matrekta. Kibanda kimoja kingetosha plau za kwanza, stakabadhi za vyama vya msingi na nyota zisizo na majina, pamoja na daftari la kuandika ni za nani. Chama cha ushirika kinaweza kulifanya hilo bila kungoja mfadhili. Nawe msomaji, kama babu yako alikuwa Keya, kumbuka kuwa aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha sasa amefikisha 100, na watoto wake nao ni wazee. Piga simu nyumbani wiki hii, uliza namba yake ya jeshi, uiandike.