Kuvuta Motokaa katika Milima ya Karatu

Msafiri atokaye Arusha huenda kwa raha mpaka Mto wa Mbu. Nchi ni tambarare, lami ni nzuri, na hapana la kumfikirisha ila ng'ombe wavukao njia. Halafu mbele yake husimama ukuta wa Bonde la Ufa. Barabara yaupanda kwa kujipindapinda, Ziwa Manyara likibaki chini, mpaka Rhotia na Karatu, nchi ya Wairaqw yenye udongo mwekundu, mahindi na kahawa.

Karatu tulikuta kambi za wageni, na humo zile motokaa kubwa ambazo ni nyumba za magurudumu: ndani mna vitanda, jiko na tangi la maji. Lakini nyumba hizo hazishuki Ngorongoro. Sakafu ya kreta iko kiasi cha mita 600 chini ya ukingo wake, na njia za kuteremkia zataka gari liendeshwalo kwa magurudumu yote manne. Njia ya Seneto ni ya kushuka tu, na ya Lerai ni ya kupanda tu, wasije wakakutana njiani. Kwa hiyo mgeni huiacha nyumba yake kambini akakodi gari dogo.

Marekani wenye nyumba kama hizo wana hila nyingine. Hufunga pikapu ndogo nyuma, magurudumu yake yote yakiwa chini, wakaivuta safari nzima. Wafikapo huifungua wakatembelea nayo. Kijana mmoja katika msafara wetu aliuliza kwa nini sisi tusifanye vivyo hivyo. Swali lake ni jema, maana kuvutana kwetu si jambo geni. Wakati wa masika pikapu ya mkulima wa Daa hukwama matopeni, na trekta huja na mnyororo kuitoa. Kwa mwendo wa mtu atembeaye, mahali tambarare, si vibaya.

Lakini wale Wamarekani hawatumii kamba. Hutumia chuma kigumu, kwa kuwa kamba yajua kuvuta tu, haijui kuzuia. Mteremkoni hulegea, na gari la nyuma hulikimbilia la mbele. Tena hutia chombo kinachokanyaga breki za pikapu pamoja na za gari kubwa. Na si kila gari lafaa: lenye gia za kujibadili lenyewe, mara nyingi mafuta ya giaboksi husukumwa na injini, nayo injini ikiwa imezimwa, vyuma husagana vikavu mpaka vikaungua.

Sisi huku huvuta gari lililokwisha kuharibika, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Injini ikiwa imekufa, breki hupoteza msaada wake: ukanyagapo mara mbili tatu, pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukitolewa, waweza kujifunga kabisa.

Siku ya kurudi, baada ya kusali Adhuhuri, tulisimama juu ya ule ukuta wa Manyara kulitazama ziwa. Pembeni palikuwa na pikapu iliyofungwa kamba nyuma ya lori, tayari kuteremka. Ndani alikuwa mama na watoto wawili. Baba alishika usukani. Dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amekwisha kuwasha mota, akaizima, akashuka.

"Mwanangu," akasema, "kupanda nimekuvuta. Kushuka, ni nani atakayekuzuia?"

Yule baba alisema kwamba gari la kubebea magari ni ghali, naye hana fedha hizo. Mzee hakubishana naye. Aliifungua kamba, akaikunja, akaitupa ndani ya lori. Kisha akamwambia mama apande mbele pamoja na watoto, atawafikisha Mto wa Mbu bila malipo. Baba alibaki na pikapu yake, jiwe likiwa chini ya kila gurudumu, akimpigia simu fundi wa Karatu.