Omba karatasi, usiombe maelezo

Leo naweka mbegu na viuatilifu pembeni. Kuna swali naulizwa mara nyingi kuliko hata la viwavijeshi: "Bwana shamba, ile pesa ya mradi wetu ilikwenda wapi?"

Anayeniuliza anajua mimi ni mtumishi wa serikali, basi anadhani jibu ninalo mfukoni. Sina. Afisa ugani wa kata hapelekewi hati za malipo za ujenzi. Lakini jibu lipo kwenye faili fulani, ndani ya kabati fulani, na tangu mwaka 2016 tunayo sheria inayokuruhusu wewe mwananchi kuliomba kwa barua. Inaitwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Inatumika Tanzania Bara. Kabla yake Katiba, ibara ya 18, ilishatamka haki ya kupewa taarifa, ila haikusema uende dirisha gani wala usubiri siku ngapi. Sheria hii imesema: ofisi ikishapokea ombi lako, inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30.

Nitaeleza kwa mfano wa kijiji kimoja ninachokihudumia. Wananchi walijitolea mawe, mchanga na maji, wakajenga ghala la mahindi mpaka usawa wa lenta. Serikali ilikuwa ichangie bati, mbao na saruji ya kumalizia. Ujenzi ukasimama hapo hapo, na misimu miwili ikapita watu wakiendelea kuuza mahindi mwezi wa saba, bei ikiwa chini, kwa sababu hawana pa kuyaweka. Kijijini likazuka neno moja tu: mwenyekiti kala hela. Kwenye mkutano alizomewa. Duka la mwanawe likakosa wateja, watu wakawa wanatembea mpaka kijiji cha pili kufuata sukari. Nilipomkuta shambani kwake aliniambia, "Mwanangu, hata mimi hiyo pesa sijaiona. Ila nikisema hivyo nani ataniamini?"

Walikuwa wameshauliza. Waliandika barua, na nakala yake niliiona. Ilisema: "Tunaomba maelezo kuhusu kukwama kwa maendeleo ya ghala letu." Mwaka ukaisha bila jibu.

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo nakwambia inavyokuwa. Barua yako inaingia masijala, inagongwa mhuri, inaandikwa kwenye kitabu, inawekwa kwenye faili. Faili linapanda kwa mkurugenzi, naye anaandika mstari mmoja kumwelekeza mkuu wa idara. Mkuu wa idara anamwandikia ofisa wa chini yake. Huyo wa chini anasoma "tunaomba maelezo" na kuanza kuwaza. Akieleza kwa nini mradi umekwama, yatakuwa maneno yake, na kesho ataulizwa nani alimtuma aseme. Hajakataa, ila analisogeza faili pembeni akisubiri mkubwa wake aulizie, na mkubwa haulizii. Wala si lazima kuwe na mwizi hapo. Woga peke yake unatosha kulaza barua mwaka mzima.

Sasa barua ikisema, "Naomba nakala ya barua iliyoleta fedha za ghala," ofisa yule yule hana cha kutunga. Karatasi ipo au haipo. Anafungua kabati, anatoa nakala, anaomba idhini, basi. Ndiyo maana nawaambia kila siku: omba karatasi kwa jina lake.

Barua ya pili iliandikwa na mama mmoja anayenunua mahindi pale kijijini. Ana hasara yake mwenyewe: kila msimu analipia chumba cha kuhifadhia magunia, na panya wanakula faida. Aliandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Alitaja jina lake, kijiji chake, namba ya simu, na kwamba ni raia wa Tanzania, kwa sababu sheria inampa haki hii raia. Akataja sheria na mwaka wake. Kisha akaomba nakala za vitu vinne: barua iliyopeleka fedha za ghala, taarifa ya benki ya akaunti ya mradi kuanzia Julai hadi Juni ya mwaka ule wa fedha, hati za malipo zilizofanyika, na hati ya kupokea vifaa yenye sahihi za kamati ya kijiji. Hakumtuhumu mtu yeyote. Nilimsihi sana aondoe sentensi moja yenye neno "wezi", akanuna, lakini akaiondoa.

Akaipeleka mwenyewe na nakala mbili. Moja akaiacha masijala, ya pili ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, akarudi nayo. Usiondoke bila huo mhuri. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia barua ilipopokelewa, na bila tarehe utabishana na nani? Kama ndugu yako hajui kuandika, asikae nyumbani kwa sababu hiyo. Sheria inamruhusu kusema ombi lake kwa mdomo, na ofisa ndiye aliandike. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala, kwa hiyo nenda na akiba kidogo na udai risiti.

Mkuu wangu wa kazi aliniita. Aliuliza kama ni mimi niliyewafundisha wananchi. Nilisema ndiyo, niliwaonyesha sheria iliyopitishwa na Bunge. Alinitazama kwa muda, akasema tuendelee na kazi. Ile safari ya mafunzo niliyokuwa nimetajwa, alikwenda mwingine. Nalisema hili ili maofisa wenzangu wanaosoma hapa wajue kwamba linaweza kuwagusa. Mimi bado nipo kazini, na bado nafundisha.

Jibu lilikuja siku ya 26. Nakala za vitu viwili zilikuwemo, viwili havikuwemo, na barua ikaeleza kwa nini. Fedha zilifika kwenye akaunti. Taratibu za manunuzi zilichelewa kwenye ofisi moja ya juu ya kijiji, mwaka wa fedha ukafungwa Juni 30, na fedha ambazo hazijatumika zikarejeshwa Hazina. Hati za malipo hazikuwepo kwa sababu hakuna malipo yaliyofanyika. Hati ya kupokea vifaa haikuwepo kwa sababu hakuna bati hata moja lililonunuliwa.

Yule mama aliisoma barua kwenye mkutano mkuu wa kijiji, neno kwa neno, bila kuongeza lake. Hilo nalo lina sababu: sheria hii hii inaadhibu anayepotosha taarifa aliyopewa. Soma kama ilivyo, kisha bandika nakala kwenye ubao wa matangazo. Mwenyekiti alikaa kimya mpaka mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele kumzomea alisimama, akamshika mkono, akasema "Samahani mwenzangu," akaketi. Wengine hawakusema kitu. Siku ya pili nilipita dukani kwa mwanawe nikakuta foleni ya watu watatu, nami nikanunua kiberiti nisichokihitaji.

Si kila barua inajibiwa hivyo. Zipo taarifa ambazo ofisi inaruhusiwa kuzizuia, kama zinazogusa usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea au mambo binafsi ya mtu mwingine. Usiombe faili la mgonjwa wala la ardhi ya jirani ukategemea kupewa. Lakini ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi. Unaweza kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi ndani ya siku 30, na usiporidhika, unakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria. Ni njia ndefu, sitakudanganya, na nauli ni yako.

Halafu kabla hujapanda basi kwenda wilayani, anzia kijijini. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu, na mikutano hiyo ni kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji ndiye mtunza kumbukumbu. Mara nyingi karatasi unayoitafuta iko mezani kwake, chini ya daftari la mahudhurio.

Ghala bado halijaezekwa. Yule mama ameandika barua nyingine, safari hii anaomba nakala ya ukurasa wa bajeti ya mwaka huu unaotaja ghala lao, kama upo. Mhuri wa masijala ni wa tarehe 9. Leo ni siku ya 17.