MWONGOZA WATALII MZURI HUJUA WAKATI WA KUONDOKA

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-40



Leo tujifunze kutokana na kazi ambayo huenda hujawahi kuifikiria kama huduma: kazi ya mwongoza watalii katika mji wa Roma. Sizungumzii yule anayetembeza kundi kubwa akiwa ameinua bendera. Nazungumzia yule anayekodiwa na familia moja tu, kwa saa chache, ili awaonyeshe mji.

Karibu na Colosseum kuna lango kubwa la mawe, Tao la Tito. Wengi hupita chini yake, wakapiga picha na kwenda zao. Lakini ukiwa na mwongozaji, atakusimamisha. Atakwambia utazame ukuta wa ndani. Hapo utaona askari waliochongwa kwenye jiwe, wamebeba kinara chenye matawi saba. Ni kinara cha hekalu la Yerusalemu, lile ambalo jeshi la Tito liliteketeza mwaka 70. Yesu alikuwa ameulilia mji ule, akatangulia kusema kuhusu kubomolewa kwa hekalu hilo. Mtalii alikuja kuona mawe ya Warumi, kumbe amesimama mbele ya jambo alilofundishwa tangu shule ya Jumapili!

Jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni macho. Tunasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mpendwa, kuna mahali hata mwenye macho huhitaji mtu wa kumwambia, "Tazama hapa."

Towashi wa Kushi alikuwa na macho, elimu, cheo, na kitabu cha Isaya mkononi. Hata hivyo alikiri kwamba bila mtu wa kumwongoza hangeelewa. Mungu akafanya jambo la ajabu: akamwondoa Filipo Samaria, kwenye mkutano uliofurika watu, akampeleka barabara ya jangwani kwa ajili ya mtu mmoja. Umati ukabaki nyuma. Mtu mmoja!

Mwongozaji wa kweli ana mambo matatu.

1. HUANZA NA MTU, SI NA HOTUBA YAKE.
Yule wa Roma hukuuliza kwanza: mnatoka wapi? Mnapenda kuona nini? Mama mzee ataweza kupanda ngazi? Kisha hupanga njia kulingana na miguu yenu. Filipo naye alikimbilia gari, akasikiliza kinachosomwa, akauliza swali, na akaanza na andiko lilelile lililokuwa mbele ya towashi. Je, wewe humsikiliza jirani yako kabla ya kumhubiria?

2. AMESOMA.
Mwaka 2023 Italia ilipitisha sheria inayomtaka anayeingia kazi hii afanye mtihani wa taifa: historia, sanaa, akiolojia na lugha ya kigeni. Hiyo ni kwa ajili ya kuonyesha majengo! Sisi tunawaonyesha watu njia ya uzima. Mzazi, mwalimu wa watoto, kiongozi wa ushirika wa nyumbani: Biblia yako ikishika vumbi, utamwonyesha nani, na utamwonyesha nini?

3. HUONDOKA.
Saa zikiisha, mwongozaji huaga. Familia hubaki na Roma. Hakuna mwongozaji mwema anayesimama mbele ya tao na kuwaambia wageni wamtazame yeye. Filipo, baada ya ubatizo, Roho alimnyakua. Na towashi je? Hakurudi nyuma kumtafuta. Aliendelea na safari yake akiwa na furaha, kwa sababu alikuwa amempata Yesu.

Niseme hili kwa upendo, nikijiambia mimi kwanza. Kuna mtu hawezi kuamua jambo lolote mpaka ampigie nabii simu. Anakopa ili atume sadaka ya kuombewa. Mpendwa, kama mtu amekuombea miaka kumi na wewe bado hujui kuomba, huyo hakuongozi, amekuziba. Nasi tulio mimbarini, waumini wakiondoka ibadani wakitaja jina letu kuliko jina la Yesu, tumesimama mbele ya tao.

Wiki hii usingoje jukwaa wala kipaza sauti. Tafuta mtu mmoja. Msikilize. Mfungulie andiko moja. Mwonyeshe Yesu, kisha usogee kando amwone vizuri.

TUOMBE: Baba, asante kwa waliotuongoza kwako. Tufanye tuwe waongozaji waliosoma Neno lako, wenye subira na wanyenyekevu. Tuondoe pale tunapowaziba watu wasimwone Mwanao. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, na umtaje kwa maombi yule mmoja ambaye Mungu amemweka barabarani kwako. Barikiwa sana.