Tisa au Arubaini

Nilipofika Marekani mwaka 1996 kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutandika vitanda vya hoteli, na ya mwisho ilikuwa kuwafundisha askari polisi kupiga bastola. Kwetu Kibokoni, Mombasa, watu huisadiki ile ya kwanza upesi kuliko hii ya pili. Wakinitazama nilivyo mfupi, tena na buibui langu, huniuliza kama kweli nilikuwa nashika bunduki au nilikuwa karani wa polisi. Nilikuwa nashika bunduki. Na mzozo ulionila miaka mingi zaidi kazini ulihusu milimita moja na kitu: risasi ya askari iwe na kipenyo gani?

Nilijiunga na idara ya polisi ya mji mmoja wa Texas mwaka 2004, baada ya kupata uraia. Bastola tuliyokabidhiwa ilikuwa Glock 22, yenye kubeba risasi 15 kwenye magazini. Risasi zake ni za .40, yaani sehemu 40 katika mia za inchi, kama milimita 10 hivi. Nitaiita arubaini, na ile ya milimita 9 nitaiita tisa. Chuoni hakuna aliyetueleza kwa nini tunabeba arubaini. Mkufunzi wetu, mzee aliyeanza kazi enzi za rivolva, alisema tisa ni ya wanajeshi na wanawake. Kisha macho yake yakaniangukia, akaongeza kwamba hakunikusudia mimi. Nilicheka, maana kuruta hucheka hata lisilochekesha, lakini jambo lenyewe lilinikaa.

Jibu nililipata mwaka 2009, nilipopelekwa kozi ya ukufunzi. Habari ya arubaini inaanzia Miami, Florida, tarehe 11 Aprili 1986. Siku hiyo maafisa wanane wa FBI waliwabana barabarani wanyang'anyi wawili wa mabenki, Michael Platt na William Matix. Mapema kabisa katika mapambano, Platt akijipenyeza kutoka kwenye dirisha la gari, afisa Jerry Dove alimpiga risasi ya tisa. Risasi ilipita kwenye mkono wa kulia, ikaingia kifuani, ikapasua pafu, ikaishiwa nguvu kama inchi moja tu kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lilikuwa la kufisha, lakini Platt alikuwa bado hajafa. Aliendelea kupiga kwa bunduki yake, Ruger Mini-14, akamuua Dove, akamuua na mwenzake Benjamin Grogan, na maafisa wengine watano wakajeruhiwa. Aliyewamaliza wale majambazi ni Edmundo Mireles, mkono wake mmoja umeharibiwa vibaya, kwa rivolva iliyotiwa risasi za .38. Yote hayo hayakuchukua dakika tano.

Katika mapambano yale kulikuwa na mengi ya kuulizwa. Majambazi walikuwa na bunduki ndefu, na maafisa wengi walikuwa na bastola tu. Mwengine bastola yake ilimtoka pale magari yalipogongana. Mwengine miwani yake ilipotea. Lakini mshtakiwa mkubwa akawa risasi ya Dove. Mwaka 1987 FBI ikawakusanya wataalamu wa majeraha ya risasi huko Quantico, Virginia, na mwaka 1989 afisa wao Urey Patrick akaandika waraka ambao kila mkufunzi wa Marekani ameusoma, au hujidai ameusoma. Kutokana na kazi ile FBI wakachagua risasi ya milimita 10. Ilikuwa na teke kali mno kwa askari wa kawaida, wakaipunguza baruti. Baruti ilipopunguzwa, ganda likabaki na nafasi ya bure ndani. Kampuni za Smith & Wesson na Winchester zikaona: kwa nini tusilifupishe ganda lenyewe, liingie katika bastola yenye umbo la tisa? Januari 1990 arubaini ikatangazwa. Haikupita miaka mingi idara za polisi nchi nzima zikawa zimeichukua, na mwaka 1997 FBI nao wakaanza kubeba Glock za arubaini.

Jambo lililodumu kuliko arubaini yenyewe ni namna ya kupima. Katika kozi ile ndiyo nilipoliona kwa mara ya kwanza bonge la jelatini, kubwa kama mto wa kulalia, rangi yake ya manjano iliyofifia, linatikisika kama halua iliyokataa kushika. Huchanganywa jelatini asilimia 10 na maji, na huwekwa kwenye baridi mpaka siku ya kazi. Unalipiga likiwa tupu. Jengine unalipiga kupitia nguo nzito, mengine kupitia mabamba ya chuma, ubao wa jasi, mbao za plaiwudi na kioo cha mbele cha gari. Kisha unapima risasi imekwenda umbali gani na imechanua kiasi gani. FBI walitaka ipenye angalau inchi 12, kama sentimita 30, na isizidi inchi 18. Wengi huona inchi 12 ni nyingi, maana kifua cha mtu hakina unene huo mpaka moyoni. Waulize habari ya Dove. Mtu anayepigana hasimami wima kama picha ya shabaha, kwani hunyosha mkono mbele au hugeuka ubavu, na risasi huanza safari yake kwenye mfupa wa mkono.

Patrick aliandika na jengine ambalo wapenzi wa vipenyo vikubwa hulirukia. Risasi ya bastola huumiza kwa tundu inalotoboa, basi. Haina kasi ya bunduki ndefu ya kupasua nyama iliyo kando yake. Mtu huanguka papo hapo endapo ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo imepigwa. Kwengineko kote ni suala la kuvuja damu, na hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo huwa na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa hiari yake kwa sekunde 10 hadi 15. Ndani ya sekunde hizo mtu anaweza kumaliza magazini nzima. Sasa niambieni, tundu la milimita 10 badala ya 9 litafupisha nini hapo? Kinachosaidia ni kuwa risasi ya kwanza iingie panapostahili, na ya pili iifuate upesi, na ya tatu.

Na hapo ndipo arubaini ilipowashinda wanafunzi wangu.

Uwanja wetu wa shabaha ulikuwa nje ya mji, jua la Texas likituunguza. Nikisimama nyuma ya mstari niliweza kumjua anayeogopa teke la bastola kabla sijaitazama karatasi yake. Kabla ya kufyatua tu, viganja vinakaza, mabega yanapanda, mtutu unazama chini. Matundu yanakuja chini na kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Mwenyewe hajijui, husema bastola ina kasoro. Dawa yake ni ya zamani: nachukua magazini yake, nachanganya risasi za kweli na za bandia asipoona, namrudishia. Ikifika ya bandia bastola inalia tik, hakuna mlio wala teke, na mtutu unapiga mbizi mbele ya macho yake mwenyewe. Wengi waliona haya. Mmoja, polisi wa miaka mingi, mwili kama mlango wa ngome, aliniomba nisimwambie mtu.

Wanawake na wenye viganja vidogo ndio waliotaabika zaidi. Pamoja nao walikuwa wazee wenye vidole vilivyoanza kukakamaa, na kila aliyekuwa na jeraha la kifundo cha mkono. Akifeli mtihani wa shabaha, ambao sheria ya Texas inataka ufanywe angalau mara moja kwa mwaka, aliambiwa akanyanyue vyuma. Nimewaona wakinyanyua vyuma na wakafeli tena. Hakuna mkubwa aliyejiuliza kwa nini idara ichague risasi kisha itafute mikono ya kuibeba.

Wakati huohuo tisa ilikuwa imebadilika. Watengenezaji, kwa kutaka kuupita mtihani wa jelatini, waliunda upya risasi zenye tundu kwenye ncha: zikachanua vizuri zaidi, zikashikamana badala ya kumeguka, zikapenya kina kilekile cha arubaini. Mtihani uliozaliwa kwa lawama za tisa ndio ulioiosha tisa. Mwaka 2014 FBI wakatoa maelezo yao ya kurudi kwenye tisa, na humo wakakiri kwamba askari katika mapambano ya kweli hukosa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazopiga. Mkuu wetu alipoyasoma akaunda kamati, nami nikatiwa ndani.

Vikao vilikuwa virefu na havikukosa vituko. Alikuwapo aliyetukumbusha kila kikao habari za mwaka 1904, pale maafisa wa jeshi Thompson na LaGarde walipowapiga risasi ng'ombe katika machinjio ya Chicago na kuamua kwamba jeshi linahitaji kipenyo kisichopungua .45. Kutoka hapo ikazaliwa ile Colt ya mwaka 1911. Nilimuuliza kama wanaotuvamia sisi ni ng'ombe. Hakupendezwa. Alikuwapo pia wakala wa kampuni ya risasi, mtu mcheshi, aliyekuja na meza nzima ya risasi zilizochanua kama maua ya mgomba, kila moja ikiwa na jina la kutisha.

Katika siku hizo ami yangu, msomaji mkubwa wa magazeti, aliniuliza kwa simu kutoka Mombasa: "Mwanangu, hizo risasi za kuchanua si ndizo zilizokatazwa vitani?"

"Ndizo, ami," nikamwambia. Zilikatazwa kwa Azimio la Hague la mwaka 1899, kwa sababu ya zile zilizotengenezwa na Waingereza huko Dum Dum, karibu na Kolkata. Katazo hilo ni la vita baina ya mataifa. Polisi huzitumia kwa kuwa risasi ikichanua hupungua kasi na aghalabu hubaki ndani ya mwili uliokusudiwa, haitokezi upande wa pili kumtafuta mpita njia.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo raia apigwe na kile ambacho askari wa adui hapigwi?"

Nilimpa jibu langu lilelile la mpita njia, na bado naliona ni jibu sahihi. Lakini swali la ami sikulisikia likiulizwa kwenye kamati hata mara moja, na lilifaa kuulizwa.

Mwisho maneno yalichosha, tukaenda uwanjani. Glock 17 ya tisa na Glock 22 ya arubaini zina umbo moja na uzito unaokaribiana, kwa hivyo ulinganisho ulikuwa wa haki. Tukachukua askari wa kila namna, wapya kwa wa zamani, wake kwa waume, kila mmoja akapiga zoezi lilelile kwa bastola zote mbili, na kipima muda kikihesabu. Wapigaji hodari walipata nafuu kidogo, hasa katika mwendo kati ya risasi na risasi. Waliokuwa wakifeli walipanda sana. Yule aliyeniomba nisimwambie mtu alirudi kwangu na karatasi yake, hakusema neno, akaikunja akaitia mfukoni. Tisa ilikuwa na faida nyengine mbili: magazini inabeba 17 badala ya 15, na bei ya risasi zake ni ndogo. Mwaka 2016, mwaka uleule FBI walipoipa Glock mkataba wa bastola za tisa, nasi tukabadilisha.

Baada ya hapo ilikuja kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Watu wa fedha walipoona risasi za tisa ni rahisi, walitaka kiasi kilichookolewa kirudi hazina. Mimi nilitaka kibaki uwanjani, kila askari apate maboksi zaidi ya mazoezi. Nimeandika barua nyingi kuhusu maboksi kuliko nilizowahi kuandika kuhusu vipenyo, na ubishi wa vipenyo ulikuwa na watazamaji, wa maboksi haukuwa nao. Nilipata sehemu, si yote. Ukiniuliza ni lipi lililoinua shabaha ya idara ile, tisa au maboksi, nitasema tisa iliwapa watu wepesi wa kujifunza na maboksi yakawafundisha.

Nimestaafu sasa, na kila nikija Mombasa naona askari wakilinda milango ya benki kwa bunduki za G3, risasi yake milimita 7.62, iliyoundwa kwa ajili ya uwanja wa vita na umbali wa mamia ya mita. Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana na kuta za bati au tofali nyembamba, risasi hiyo ikikosa haijui ikome wapi. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha kwa polisi, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka silaha zitumike kwa namna ya kupunguza hatari ya madhara yasiyo ya lazima. Naomba basi wabunge na wajumbe wa kamati za usalama, siku bajeti ya polisi ikiletwa mbele yao, waombe hesabu moja: kila askari anayebeba silaha barabarani alipiga risasi ngapi za mazoezi mwaka uliopita, na ngapi ziligonga shabaha. Hesabu hiyo ikishawekwa mezani, ndipo wazungumze habari za kununua bunduki.