Tutaomba Ndani ya Gari

Nakuandikia wewe mwenye maumivu usiyoyaelewa, na wewe unayelala chumba kimoja na mtu wa namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Nina kisukari na presha. Mungu ameniacha hai, namshukuru, ingawa nikiyakumbuka haya mkono bado unatetemeka.

Yalianza na kiungulia. Kifua kilikuwa kikiniwaka kwa chini, karibu na chembe ya moyo, hasa nikitembea. Nikipanda ngazi za darasani pumzi inakata, nasimama katikati, watoto wananipita. Nikaenda kituo kimoja cha afya. Wakaniambia ni vidonda vya tumbo, nikapewa dawa. Sina kinyongo nao, maana dalili zinafanana sana. Lakini mwanamke wa makamo mwenye kisukari, anayekatwa pumzi akitembea, apimwe moyo pia. Hilo nalisema kila ninapopata nafasi, na wewe liseme unapokaa mbele ya daktari. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na moyo unaweza kuumia bila yale maumivu makali tunayoyatarajia.

Usiku wenyewe niliamka saa tisa nimelowa jasho. Joto la Dar nalijua, nimezaliwa nalo. Jasho hili lilikuwa la baridi. Kifua hakikuchoma, kilibana. Ule mbano ukapanda shingoni, ukaingia kwenye taya, meno yote ya chini yakauma kwa pamoja. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Nikatapika.

Mume wangu akawasha taa. Akadhani ni vile vidonda, akaenda jikoni kutafuta magadi anikorogee. Jirani yetu, mama mzee wa kanisa, alisikia vishindo akaja na khanga yake begani. Akasema ni gesi, hata yeye humpata. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda ili aniombee.

Mungu alikuwa amempanga mtu. Wifi yangu alikuwa amelala kwetu, ametoka Korogwe kuja kliniki yake ya moyo. Aliingia chumbani, akanitazama usoni, akanishika paji la uso.

"Wifi, taya linauma?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kaka, acha hayo magadi. Huu ni moyo. Tafuta gari sasa hivi."

Yule mama akasema, "Mwanangu, tuombe kwanza."

Wifi akamjibu kwa heshima, lakini bila kusita: "Mama, tutaomba ndani ya gari."

Hakuruhusu nitembee hata hatua moja, maana kutembea kunauongezea kazi moyo ambao tayari unakosa damu. Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki, mgongo umeegemea, wakanibeba na kiti chenyewe hadi kwenye gari la jirani. Wifi hutumia aspirini ndogo za miligramu 75, ameandikiwa na daktari wake. Kwanza aliniuliza: aspirini inakudhuru? Umewahi kutapika damu, au kupata choo cheusi? Nikasema hapana. Akanipa vidonge vinne, akaniambia nivitafune, nisivimeze vizima, vifanye kazi haraka. Muuguzi wa kliniki yake ndiye aliyemfundisha. Wewe ukiwa na mzio nayo, au una kidonda kinachovuja damu, usiiguse. Na usiache kwenda hospitali kwa sababu umeshaitafuna.

Tukapita Buguruni, Ilala, Karume. Yule mama mzee alikuwa nyuma nami, ameshika mguu wangu, anaomba kwa sauti. Wifi ananiita jina. Mimi nasikia kwa mbali.

Sikuweza kuvuta pumzi. Nilijaribu. Haikuja. Nikawaza daftari za watoto, sijasahihisha. Nikawaza binti yangu wa mwisho, yuko bweni, hajui. Nikasema, Bwana, si leo. Sikuwa na maneno mengine. Si leo. Nikaona mgongo wa mume wangu kiti cha mbele. Mabega yanatikisika. Analia. Sijawahi kumwona akilia. Hapo ndipo nilipojua nakufa.

Kwenye idara ya dharura ya Hospitali ya Muhimbili wifi hakusema "mgonjwa anaumwa tumbo". Alisema: kifua kimebana tangu saa tisa, taya, jasho la baridi, ana sukari na presha, ametafuna aspirini. Maneno yale yalinifungulia mlango. Wakanibandika nyaya kifuani pale pale kwa kipimo cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo. Mtu mwenye dalili kama zangu anatakiwa apimwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Daktari akatazama karatasi, akaita wenzake.

Akaniambia, "Mama, usilale, nitazame."

Nikamtazama.

Kisha hakuna kitu.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Moyo wangu ulisimama. Haukupiga. Wakanikandamiza kifua, wakanipiga shoti ya umeme. Mume wangu alikuwa nje ya pazia. Alisikia mtu akihesabu kwa sauti. Akasikia neno "tena". Akakaa sakafuni. Hakuuliza kitu. Hata leo akisikia mtu anahesabu kwa sauti ile, hutoka nje.

Mungu akanirudisha. Kitu cha kwanza nilichohisi ni mbavu zinauma, na nilifurahi kuumwa.

Ndani ya eneo lile lile la Muhimbili kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nikapelekwa huko, kwenye chumba wanachokiita cathlab. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, wakaupanua mshipa ulioziba, wakaacha humo kijibomba cha wavu kiushikilie usijifunge. Daktari alinieleza kwamba mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa yalipasuka, damu ikaganda juu yake, njia ikafungwa. Msuli unaokosa damu huanza kufa, na hauoti upya. Sehemu ya wangu ilikufa. Iliyobaki inanitosha, namshukuru Mungu.

Sasa nanywa dawa za kuzuia damu isigande, za kushusha lehemu na za presha. Siziachi hata nikijisikia mzima. Hofu haijaisha. Usiku nikipata kiungulia naweka kidole kwenye shingo nitafute mapigo. Mume wangu huamka nikigeuka tu. Mwanzoni niliona aibu kumsumbua, sasa simwonei aibu. Kama na wewe umetoka hospitali na unaogopa kulala, sema nyumbani, wajue.

Nilipopata nguvu niliomba kwenye jumuiya yetu tufundishwe kumsaidia mtu wa namna hii. Muuguzi mmoja alikuja, akaweka mto mgumu sakafuni wa kufanyia mazoezi. Akatueleza kwamba mshipa ukiziba mtu anaweza bado kuongea, kwa hiyo mketishe umkimbize hospitali. Moyo ukisimama anaanguka, haitikii, hapumui, au anakoroma kwa kuvutavuta. Huyo mlaze chali mahali pagumu, mwite mtu atafute msaada, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukikandamiza, acha kifua kirudi juu. Usikome mpaka msaada ufike au apumue. Usiogope kumvunja mbavu. Zangu ziliuma wiki kadhaa, zikapona.

Yule mama mzee alikuwa wa kwanza kupiga magoti mbele ya mto. Alikandamiza mpaka kilemba kikamfunguka, akakataa kupokelewa. Jumamosi ijayo wanafundishwa akina baba. Mume wangu ameshaandikisha jina.