Shokapu na Nadhiri

Shokapu ya nyuma ya baiskeli ya mlimani ni kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Yetu ina urefu wa milimita 210 kutoka tundu la bolti moja hadi la pili, na ikibonyezwa mpaka mwisho inaingia milimita 50 tu. Lakini kwa sababu ya mikono inayoiunganisha na gurudumu, milimita hizo 50 zinakuwa 140 kule kwenye tairi. Yaani kila milimita moja ya shokapu inabeba karibu milimita tatu za jiwe, mzizi au korongo. Tunaanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo tuliyoifanya mezani, miezi mitano baada ya kumzika kijana wetu, wakati hatukuweza kuzungumza jambo lingine lolote bila mmoja wetu kuinuka na kutoka nje.

Tunaishi Lushoto, upande wa kwenda Magamba, na tunalima kabichi na karoti kama majirani zetu. Kijana wetu hakulipenda jembe. Alipenda njia. Milima ya Usambara imejaa vijia ambavyo hakuna serikali iliyovichonga. Vimechongwa na akina mama waendao gulioni, na watoto wa shule, na mbuzi. Vinapita ndani ya msitu wa Magamba, vinafuata migongo ya vilima hadi Mtae, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na nyika ya Mkomazi inaonekana chini, na vingine vinateremka kuelekea Soni kwa kona ambazo hata mwenda kwa miguu huzipita ameshika majani. Wageni hupenda kuviteremka kwa baiskeli, nasi tulikwisha kuacha kushangaa. Kijana ndiye aliyewaongoza. Baiskeli yake aliinunua kwa mgeni mmoja ambaye hakutaka kuisafirisha kurudi kwao, akalipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne, na siku alipomaliza deni alituita uani tuitazame, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari.

Alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kwa kila mgeni. Mwaka 1976, huko California, vijana walishindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani, na breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi iliyokuwa ndani ikaungua, ikabidi wajaze grisi upya baada ya mteremko. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack. Baiskeli zile hazikuwa na shokapu hata moja. Shokapu zilikuwa magoti, alisema, kisha akayatazama magoti yetu na kucheka.

Aliugua wiki tano. Yalikuwa mafigo. Hakuanguka, hakugongwa, tunalisema hili kwa sababu watu huuliza. Bima ilibeba sehemu kubwa ya matibabu, na ndugu na washarika walichanga. Katika wiki ya pili tuliweka nadhiri: Bwana akimwinua, tutatoa shilingi 1,200,000 kwa ajili ya bati za kanisa la mtaa wetu. Tulimwambia mwinjilisti, na katibu akaiandika katika daftari. Tuliuza dume la ng'ombe na karoti zote zilizokuwa shambani, tukaweka fedha kamili, tusije tukaonekana tumeahidi maneno. Mwezi wa sita akafariki.

Wapendwa, tumesikia mahubiri mengi juu ya nadhiri. Tumesikia juu ya Hana aliyepewa Samweli akamrudisha kwa Bwana, juu ya Yakobo kule Betheli aliyeweka nadhiri yake pamoja na masharti, na juu ya Yefta, ambaye heri asingesema neno. Wote hao walipewa walichoomba. Hatukuwahi kusikia hubiri juu ya fedha ya mtu aliyeomba akanyimwa, iliyobaki sandukuni ikiwa imehesabiwa tayari. Aliye karibu zaidi na hali yetu ni Daudi, ambaye mtoto wake alipofariki aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, kisha akaomba chakula. Watumishi wake walishangaa. Sisi hatukumshangaa, bali tulimwonea wivu kwamba aliweza kula.

Mmoja wetu alisema sharti halikutimia, kwa hiyo fedha ni zetu. Mwingine alisema kilichokwisha kuwekwa mbele za Mungu hakirudi nyumbani. Hatutawaambia nani alisema lipi, maana kufikia Krismasi tulikuwa tumebadilishana.

Kilichotusukuma ni binti yetu. Mwezi wa kumi alianza kuitoa baiskeli ya kaka yake. Hakuomba ruhusa, nasi hatukumkataza, kwa kuwa hakuna aliyejua aanze kwa maneno gani. Siku moja alirudi na kiwiko kimechubuka na tope shavuni, akasema shokapu ilimrusha. Tulimpeleka yeye na baiskeli kwa fundi wa pikipiki anayetutengenezea vitu vyote. Akaibonyeza shokapu kwa kifua, ikaruka juu kama chura, na ndani ikasikika chwi, chwi. Akasema oili imechanganyika na hewa.

Inafaa tueleze kidogo, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuifungua. Ndani ya shokapu mna kazi mbili. Kwanza ni springi, ambayo kwa baiskeli hizi mara nyingi ni hewa iliyosindiliwa. Springi haina huruma: nguvu yote uliyoipa inakurudishia, tena upesi. Ya pili ni oili inayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo. Oili hupokea nguvu ile na kuigeuza joto, na hivyo gurudumu linarudi chini polepole badala ya kumrusha mpandaji. Oili ikishindwa, inabaki springi peke yake, na kwenye mteremko wa mawe kila jiwe linakupiga mara mbili, unapoligonga na unapoliacha. Fundi alisema ile ya zamani ingeweza kufunguliwa, lakini kuifunga tena kunahitaji gesi ya nitrojeni na vifaa ambavyo yeye hana, wala hajui aliye navyo karibu. Tena, akasema, hata ikipona ni ndogo kwa milima hii. Mteremko mrefu huichemsha oili, na oili ya moto inakuwa nyepesi na kuacha kuzuia. Inayofaa ni ile yenye kichupa cha pembeni, inayobeba oili nyingi zaidi.

Tukawa na njia tatu: kuiuza baiskeli, kumkataza binti, au kununua shokapu. Tulijua asingekatazika. Ana miaka ishirini na ana kichwa cha kaka yake. Na fedha pekee tuliyokuwa nayo ndani ya nyumba ilikuwa ile.

Tulikwenda kwa mchungaji. Tulitaka atuamulie, naye hakutuamulia, jambo lililotuudhi siku ile. Alituuliza tu, "Mlipoweka nadhiri, mlikuwa mnanunua au mlikuwa mnaomba?" Tukasema tulikuwa tunaomba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi hakuna anayemdai mwenzake." Kisha akatuombea, akatusindikiza hadi kwenye geti, akazungumzia mvua.

Tulilala na neno hilo siku nyingi. Aliyekuwa akisema fedha ni zetu aligundua kwamba hawezi kuigusa. Aliyekuwa akisema ni ya Mungu alianza kuuliza Mungu ana haja gani na bati huku mtoto aliyebaki anateremka Magamba juu ya springi tupu. Mwishowe tulikwenda kwa wazee wa mtaa, tukawaambia waziwazi kwamba fedha tunaichukua na tunanunua nini, ili mtu asije akasikia gulioni. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akauliza kama kweli kitu kidogo hivyo kina bei hiyo, na hapo tulikubaliana naye. Tulimwomba katibu aufute mstari wetu katika daftari. Hakuufuta. Aliandika pembeni, kwa penseli, "bado."

Shokapu ililetwa mwezi wa kwanza na rafiki wa kijana wetu, mgeni aliyekuwa akija kila mwaka, ndani ya begi lake, ikiwa imevingirishwa kwenye soksi. Ilitugharimu shilingi 980,000. Pampu yake ilikuwa 95,000, maana pampu ya kawaida ya tairi haifikishi mgandamizo ule. Inahitajika ndogo, yenye geji, inayosukuma hewa kidogo kwa nguvu nyingi. Bushi za zamani hazikuingia katika shokapu mpya, hivyo mmoja wetu alikwenda Tanga kwa fundi wa kukereza vyuma, akiwa na fremu mgongoni, akatengenezewa za alumini kwa 40,000, za upana wa milimita 30 na tundu la milimita 8. Nauli ilikula 25,000. Zilizobaki 60,000 tulizitia katika sadaka ya Jumapili bila bahasha.

Kuifunga si kazi ngumu, lakini ina utaratibu wake. Shokapu ya zamani hutolewa hewa yote kwanza, ndipo bolti zifunguliwe. Mpya hufungwa ikiwa tupu, kisha baiskeli inabonyezwa hadi mwisho kabisa ili kuona kama tairi linagusa fremu au kichupa kinagonga mahali. Sisi wawili tuliikalia kwa pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, na majirani wakaja ukutani kutazama. Haikugusa.

Halafu ndipo hewa. Watu wengi hudhani shokapu nzuri ni ile ngumu, isiyobonyea. Sivyo. Inatakiwa ibonyee kabla haijakutana na jiwe lolote, kwa uzito tu wa anayeipanda, karibu asilimia 30 ya mwendo wake. Isipobonyea hivyo, gurudumu haliwezi kushuka kufuata shimo, linaelea hewani na mpandaji anapoteza njia. Binti alivaa kofia ngumu na begi lenye maji na vifaa, akasimama kwenye pedali tukiwa tumeishika baiskeli, akashuka taratibu. Kuna kipete cha mpira kwenye nguzo ya shokapu kinachobaki pale ilipofikia. Tulipima: milimita 11. Tukapunguza hewa: 17. Tukaongeza kidogo: 15.

Kurekebisha kasi ya kurudi kulituchukua jioni nzima, na ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza juu ya mambo mengine. Ikirudi haraka mno, inarusha. Ikirudi polepole mno, jiwe la pili linaikuta bado iko chini, la tatu linaikuta chini zaidi, hata mwendo wote unakwisha na unapanda chuma kwa chuma. Katika msiba wetu tulikutana na haraka hiyo. Ndani ya wiki mbili watu wenye upendo walitutaka tushuhudie, tusimame mbele na kusema Mungu ni mwema. Tunaamini kwamba ni mwema. Lakini tuliambiwa mapema mno, na mmoja wetu aliacha kuja ibadani hadi mwezi wa tisa kwa sababu hiyo. Polepole mno nako tulikujua, ndani ya nyumba yetu, mlango umefungwa. Kwa miezi tulikuwa tunakaa kanisani bila kuimba, na mama mmoja wa kwaya, ambaye hajui lolote juu ya baiskeli, alikuwa akikaa karibu nasi na kushika upande mmoja wa kitabu cha nyimbo, akiimba peke yake, bila kutugeukia wala kutuhimiza. Bado tunamshukuru.

Paa la mtaa halijaezekwa upya. Masika maji huingia upande wa kushoto, nasi ndiko tunakokaa. Ile penseli ya katibu iko pale pale. Tumeanza kuweka tena, elfu kumi, elfu ishirini, bila sharti lolote, na hatujawaambia wazee. Hatudai kwamba tuliamua sawasawa. Wapo washarika wanaoona tulimnyang'anya Mungu, na mmoja alitwambia hivyo usoni, kwa heshima, nasi tulimkaribisha chai.

Jumamosi iliyopita binti aliwaongoza wageni wake wa kwanza, watatu, kutoka Magamba. Aliondoka saa moja asubuhi. Saa kumi jioni alirudi, akaiegemeza baiskeli ukutani na kwenda kunawa miguu, nasi tukainama pamoja kukitazama kipete. Kilikuwa kwenye milimita 47.